Dozi ni ileile, kwa nini arosto imerudi?

"Shikamoo daktari. Naandika kuhusu mdogo wangu wa kiume, ana miaka 31. Alianza unga wa heroini akiwa na miaka 21, kwanza kwenye kokteli, ile sigara ya kuchanganya na bangi, baadaye akawa anajidunga. Tulimpeleka soba hausi, zile nyumba za kuachia unga, mara tatu na mara zote alirudi mtaani kabla mwezi haujaisha. Mwaka jana alianza methadoni, dawa ya kunywa kliniki kila siku badala ya unga, akapandishwa mpaka miligramu 70, akatulia kabisa. Akapata kazi ya kupaka rangi magari gereji, akapata na mchumba. Miezi miwili iliyopita aligundulika ana TB, akaanzishiwa dawa. Sasa mambo yameharibika. Usiku anatoka jasho, anapiga miayo, pua inatiririka, amekuwa mkali, na wiki iliyopita nikiwa nafua nilikuta kete, kipakiti cha unga, kwenye suruali yake. Yeye anasema dozi haimtoshi, eti kliniki, pale dirishani pa kunywea dawa, wanamwekea maji. Baba anasema sasa imethibitika kwamba methadoni ni unga wa serikali. Anataka aiache kabla ya mfungo ili nikaha baada ya Idi imkute msafi, na yuko tayari kumfungia chumbani siku kumi mpaka arosto, yale mateso ya kukosa dawa, iishe. Naogopa kuwaambia kliniki habari ya kete wasije wakamfukuza. Je, dawa imeshindwa? Na atakunywa mpaka lini?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mambo mengi, lakini kuna sentensi moja umeipitia haraka kama jambo la pembeni, nayo ndiyo iliyonifanya niache kazi nyingine nikujibu: "aligundulika ana TB, akaanzishiwa dawa." Soma barua yako tena. Kabla ya sentensi hiyo kuna kazi, mchumba na nyumba iliyotulia. Baada yake kuna jasho, miayo na kete. Nitaanzia hapo, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba mdogo wako anaposema dozi haimtoshi, anasema kweli.

Katika vile vidonge vyekundu vya TB anavyomeza kila siku kuna dawa inayoitwa rifampisini. Ndiyo inayofanya mkojo uwe na rangi ya chungwa. Ni dawa nzuri sana, na bila hiyo matibabu ya TB yangekuwa marefu zaidi ya miezi 6. Lakini ina tabia moja: inalichochea ini kusaga dawa nyingine kwa kasi kubwa kuliko kawaida, na methadoni ni mojawapo ya hizo. Mgonjwa anakunywa miligramu 70 zilezile, kwenye kikombe kilekile, mbele ya muuguzi yuleyule, lakini kiasi kinachobaki kwenye damu kinashuka sana, wakati mwingine kwa zaidi ya nusu. Hali hiyo huanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza na hukomaa katika wiki mbili hivi. Nimewahi kumsikia mgonjwa akiieleza vizuri kuliko vitabu vyangu: "Dokta, vile vyekundu vinaninyang'anya dozi."

Ili uelewe kwa nini jambo hilo linamrudisha mtu kwenye kete, nivumilie nikueleze methadoni inafanya nini, maana hapo ndipo tutakutana pia na hoja ya baba.

Ubongo una vipokezi vinavyopokea kemikali za kutuliza maumivu ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Unga, yaani heroini, ukiingia mwilini hugeuka kuwa mofini ndani ya dakika chache na kuvivamia vipokezi hivyo kwa nguvu ambayo mwili haujawahi kuizalisha. Hiyo ndiyo nishai. Ukivivamia hivyo kila siku kwa miaka kumi, mwili hujipanga upya kuuzoea mvamizi, na asipokuja, kila kitu hufunguka kwa pamoja: pua, matumbo, vinyweleo, macho, usingizi. Hiyo ndiyo arosto. Unga hudumu saa chache tu, kwa hiyo arosto hubisha hodi kati ya saa 6 na 12 baada ya kete ya mwisho. Ndiyo maana aliyezama hutafuta unga mara tatu au nne kwa siku, na ukimuuliza atakwambia nishai aliisahau zamani, sasa anatafuta tu kusimama sawa.

Methadoni hukaa kwenye vipokezi vilevile. Hapo baba yako ana nusu ya ukweli, na ni vizuri umkubalie nusu hiyo kabla ya kubishana naye. Nusu iliyobaki ni hii: methadoni inayonywewa hupanda polepole, hufika kileleni baada ya saa 2 hadi 4, kisha hushuka polepole mno kiasi kwamba kesho asubuhi bado imo. Kwa mtu aliyeizoea na ambaye dozi yake imepimwa vizuri, haina nishai na haina arosto. Vipokezi vimekaliwa, hakuna anayebisha hodi. Anaweza kushika bunduki ya rangi gereji na mkono usitetemeke. Unga haukumpa hilo hata siku moja.

Sasa fikiria mtungi wenye tundu dogo chini. Kila asubuhi unamimina kikombe kimoja, na mpaka kesho yake karibu nusu ya maji yaliyomo imevuja. Siku ya kwanza kuna kikombe kimoja. Siku ya pili kuna kimoja na nusu. Baada ya siku tano hivi mtungi unafika mahali ambapo kinachoingia ni sawa na kinachovuja, na maji hubaki usawa uleule. Ndiyo sababu tunaanza na dozi ndogo ya miligramu 20 hadi 30 na kupandisha kidogokidogo. Anayeanza hudhani tunambania kwa sababu arosto haijaisha siku ya pili, lakini mtungi bado unajaa, na tukiharakisha anaweza kuacha kupumua siku ya nne akiwa amelala. Wiki za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote kwa mgonjwa. Wengi huchanganya na unga katika kipindi hicho, wengine hukata tamaa na kupotea, kisha hurudi baada ya mwaka wakiwa na hali mbaya zaidi.

Mdogo wako alishavuka hapo. Mtungi wake ulijaa ukatulia. Kilichofanywa na rifampisini ni kulipanua lile tundu.

Lakini ngoja, jasho la usiku ni dalili ya TB pia, na sitaki uniamini kwa dalili moja. Tofauti utaiona kwenye kundi la dalili. TB haimpigishi mtu miayo mfululizo, haimtiririshi pua na machozi, haimsimamishi vinyweleo kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Arosto hufanya hivyo. Angalia pia saa. Kama hali inakuwa mbaya usiku wa manane na alfajiri, kisha inatulia saa mbili tatu baada ya kunywa dozi, basi dozi haifiki kesho yake. Angalia na mboni za macho: kwenye arosto hupanuka, kwenye unga husinyaa mpaka zikawa kama ncha ya sindano. Na kama ungeniandikia kwamba anasinzia saa tatu baada ya dozi, kijiko kinamwanguka mkononi, ningekupa jibu tofauti kabisa: dozi imezidi, au anachanganya na valiamu au pombe.

Kuhusu kuwekewa maji, nimesikia shutuma hiyo kwenye kila foleni ya methadoni niliyowahi kuipita. Dawa hii ni ya maji, na mara nyingi huongezwa maji au juisi kwenye kikombe ili isiwe rahisi kuificha mdomoni na kwenda kuitema nje akauziwa mwingine. Kikombe kikionekana cheupe zaidi leo kuliko jana, hiyo haina maana kwamba miligramu zimepungua. Mgonjwa anahisi kwamba dawa imepungua, na hisia yake ni sahihi, ila upungufu unatokea kwenye ini, dirishani hakuna kilichobadilika. Mwambie hivyo kwa upole. Mtu aliyezoea kuitwa mwongo miaka kumi, akisikia kwamba mwili wake ulikuwa unasema kweli, husikiliza na mengine.

Basi cha kufanya ni hiki. Kesho asubuhi usimwache aende peke yake, nenda naye. Chukueni kadi yake ya TB na vidonge vyenyewe, na kabla hajanywa dozi mwombe muuguzi wa dirishani amuone daktari wa kliniki ya methadoni. Mseme mambo mawili: "ameanza rifampisini," na tarehe aliyoanza. Hiyo inatosha kwa mtu anayejua kazi yake. Atampima dalili za arosto na pengine atapandisha dozi kwa hatua, miligramu 5 au 10 kila baada ya siku kadhaa, huku akimwangalia. Wengine kwenye rifampisini huhitaji dozi kubwa zaidi, hata maradufu, na wengine hugawiwa dozi mara mbili kwa siku pale kliniki inapoweza. Msishtuke mkisikia zaidi ya 100. Namba hiyo haipimi ukubwa wa uraibu, inapima upana wa tundu. Dozi kubwa ina jambo moja la kuangaliwa, mapigo ya moyo, kwa hiyo daktari akiagiza kipimo cha umeme wa moyo, kafanyeni. Na mkisikia mahali kwamba kuna dawa ndugu ya rifampisini, iitwayo rifabutini, isiyochochea ini sana, ni kweli ipo, ila kwetu haipatikani kirahisi.

Unaweza kushangaa kwa nini mpaka leo hakuna aliyeligundua. Mara nyingi dirisha la TB na dirisha la methadoni yako kwenye uzio mmoja wa hospitali, lakini mafaili hayakutani. Na mgonjwa mwenyewe, akiulizwa kule TB kama kuna dawa nyingine anayotumia, hutazama foleni nyuma yake na kujibu hapana. Aibu ya kuitwa teja mbele ya watu ishirini si ndogo. Sitamlaumu kwa hilo, na wewe usimlaumu.

Jambo moja asilifanye kabisa: asiache dawa za TB. Baadhi ya wagonjwa hugundua wenyewe kwamba siku wasipomeza vile vyekundu wanaanza kujisikia nafuu, basi huvificha chini ya godoro. TB ikishakuwa sugu matibabu yake ni marefu na mazito zaidi, na nyumba nzima inakuwa hatarini, baba akiwemo. Methadoni ndiyo inayorekebishwa kuifuata TB. Na kama hajapimwa virusi vya ukimwi na homa ya ini aina ya C tangu alipoacha kujidunga, apimwe sasa, kwa sababu baadhi ya dawa za ukimwi nazo hugusana na rifampisini na hupangwa upya.

Kete uliyoikuta usiifiche. Kwa kadiri ninavyozifahamu kliniki zetu, kukutwa na unga kwenye mkojo si sababu ya kufukuzwa. Kinachowaudhi wahudumu, na kwa haki, ni fujo, kuuza dawa au kuitema. Methadoni haitolewi kama zawadi ya tabia njema. Mtu anayechanganya na unga ni mgonjwa ambaye dozi yake haijamshika, au ambaye maisha yamembana mahali, na yote mawili ni kazi yetu. Lakini kuna sababu kubwa zaidi ya kusema: daktari akipandisha dozi bila kujua kwamba kuna unga juu yake, anahesabu kwa makosa. Kwa hiyo mwambie daktari, ila kwanza mwambie mdogo wako kwamba utamwambia. Usimzunguke.

Sasa twende kwa baba. Natamani ningeongea naye mwenyewe, maana sidhani kama ni mtu mkatili. Wa umri wake waliuona unga ukiingia Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar tangu miaka ya 1980, kwanza ule wa kahawia wa kuvuta, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 mweupe unaoyeyuka kirahisi kwenye maji, ndipo sindano zikashamiri. Kwa miaka yote hiyo mzazi hakuwa na pa kwenda. Kulikuwa na mlango wa kufunga kwa ufunguo, dua, na polisi. Methadoni kwa wananchi ilianza Muhimbili mwezi Februari 2011, kisha ikafika Mwananyamala na Temeke, halafu Kidongo Chekundu kule Zanzibar na mikoa kadhaa ya bara. Wenzetu wa Kenya walifungua kliniki yao hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na Malindi ikafuata. Kwa hiyo baba anazungumza kutokana na alichokiona, na alichokiona kilikuwa cha kweli. Hata hivyo dawa yenyewe si ya majaribio. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander waliitumia kwa waraibu wa heroini New York tangu katikati ya miaka ya 1960, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya uraibu mwaka 2005.

Mpango wa kumfungia siku kumi unanitisha, na sitauzungukia. Kwanza, chumba kilekile kitakuwa na mgonjwa wa TB anayetapika. Pili, arosto ya methadoni haiishi siku kumi. Ya unga huwa kali siku mbili tatu na hupungua ndani ya wiki, lakini ya methadoni huchelewa kuanza na hudumu wiki kadhaa. Atatolewa chumbani akiwa katikati ya safari. Lakini hayo mawili bado si kiini cha hofu yangu. Mwili ukikaa bila unga na bila methadoni, hupoteza mazoea yake haraka sana, wakati hamu hubaki palepale. Anatoka, anakutana na rafiki, ananunua kete ileile aliyokuwa akiimudu zamani, na kete hiyo sasa inatosha kumzimisha pumzi. Tafiti za nchi nyingi zimeona jambo moja: mtu akiwa ndani ya methadoni hatari ya kufa hushuka sana, na akiacha, wiki 4 za kwanza ndizo za hatari kubwa. Ndivyo inavyokuwa pia kwa anayetoka gerezani, na kwa anayetoka soba hausi.

Nitakusimulia jambo ambalo silipendi. Mwanzoni mwa kazi yangu, kwenye kliniki ambayo sitaitaja, familia moja ilinibana kama baba anavyowabana ninyi. Kijana alikuwa anatakiwa kusafiri kwenda kwa wajomba kijijini, na walitaka aende akiwa hana dawa. Alikuwa kwenye 60. Nilimshusha hadi sifuri kwa chini ya mwezi, naye akanishukuru. Wiki ya tatu baada ya dozi ya mwisho nilipigiwa simu na kaka yake. Walimkuta kwenye chumba cha kupanga, sindano ikiwa bado mkononi. Tangu siku hiyo, ndugu wakiniambia tarehe ya harusi huwaomba waniambie kwanza tarehe ya dozi ya kwanza.

Hivyo swali la "mpaka lini" nalijibu hivi. Chini ya mwaka mmoja wa utulivu, mimi simshushi mtu dozi kwa hiari yangu, na wengi hufanya vizuri zaidi wakikaa miaka miwili au zaidi. Wapo wanaokaa muda mrefu sana na wanalea watoto. Mabaharia wetu wa majahazi hubeba farumi, uzito wa kukituliza chombo kisipinduke: haiuzwi, haileti faida bandarini, na mgeni anaweza kuuliza kwa nini chombo kinabebeshwa mchanga na mawe. Huitupi katikati ya Mkondo wa Pemba kwa sababu kuna mtu anakusubiri ufukweni. Mdogo wako yuko katikati ya mkondo, na ana TB. Muda wa kuanza kushusha utafika akiwa amemaliza TB, kazi imeshika, unga umekaa mbali kwa miezi mingi, na yeye mwenyewe anautaka, si mkwe wala baba. Hapo atashushwa asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki mbili mpaka nne, na akianza kuyumba anasimamishwa palepale au anarudishwa juu bila kusutwa.

Kuhusu nikaha, mimi ningesubiri tu mpaka dozi itulie tena, kisha waendelee. Methadoni haizuii ndoa wala uzazi. Mchumba aambiwe, na aambiwe na mwanamume mwenyewe kabla ya jirani. Pia apimwe TB. Na kwa kuwa wanaume huogopa kuuliza: ndiyo, methadoni inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, kama unga unavyofanya. Ikitokea amwambie daktari, kuna la kufanyika. Choo kigumu na jasho la mchana navyo ni madhara ya kweli. Meno kuharibika pia, kwa kuwa mdomo unakauka. Lakini ile hadithi kwamba inaozesha mifupa haina msingi. Mifupa huuma kwenye arosto, na mtu akikosa dozi huilaumu dawa aliyoikosa.

Madhara makubwa kuliko yote ya methadoni, ukiniuliza mimi, hayamo kwenye kikombe. Ni ile safari. Kila siku, mvua au jua, sikukuu au msiba, nauli ya kwenda na kurudi, foleni, na fundi gereji anayeuliza kwa nini unachelewa kila asubuhi. Nimeona watu wakiacha matibabu kwa sababu ya shilingi mia chache za daladala, wakati dawa yenyewe ni bure. Baadhi ya kliniki zimeanza kuwapa wagonjwa waliotulia dozi za kwenda nazo nyumbani. Kwa sasa hatapewa kwa sababu ya ile kete, lakini ulizeni masharti ili awe na kitu cha kukitazamia. Siku atakapopewa, dawa ikae kwenye sanduku lenye kufuli. Dozi yake moja inaua mtoto.

Soba hausi sizipuuzi. Nyingi zinaongozwa na watu waliopita humohumo, na hakuna daktari anayeweza kumwambia mraibu "nilikuwa hapo" kwa uzito ule. Kwa wengine zimefaa. Kwa mdogo wako zimejaribiwa mara tatu bila dawa ya kushika vipokezi, na mara tatu jibu limekuwa lilelile. Nisingelipia ya nne. Anachoweza kuchukua kutoka kwao ni vikao vya jioni na marafiki wasiovuta, huku akiendelea na dozi yake. Ila kuna nyumba zinazokataa mtu wa methadoni, na nyingine bado zinafunga watu minyororo na kuwachapa. Hiyo si tiba, ikimbieni.

Mfungo unakaribia, kwa hiyo niseme na hilo. Wengine hukosa dozi kimyakimya ili wafunge na wenzao. Akikosa siku 3 mfululizo, kliniki nyingi hupunguza dozi, na akikosa 5 au zaidi huanzishwa karibu upya. Wagonjwa huona ni adhabu, kumbe mazoea yanakuwa yameshuka na dozi ya jana inaweza kumuua leo. Mgonjwa ana ruhusa yake, imetajwa kwenye Suratul Baqara, na huyu ana magonjwa mawili. Mpelekeni baba kwa sheikh anayemwamini, mkiwa na kadi zote mbili mkononi. Sheikh akisema, baba atasikia kuliko akinisikia mimi.

Kabla dozi haijarekebishwa, na wakati inapandishwa, kaeni macho nyumbani. Mkimkuta anakoroma mkoromo mzito usio wa kawaida, haamki mkimtikisa, pumzi zinapishana mbali, midomo na kucha zimekuwa za kijivu au bluu, hiyo si nishai ya kulaliwa mpaka asubuhi. Msimnyweshe maziwa, msimmwagie maji, msimdunge maji ya chumvi kama wanavyofanya maskani. Mlazeni ubavu, kama hapumui mpulizieni pumzi mdomoni, na mkimbize hospitali iliyo karibu. Huko kuna sindano ya naloksoni inayomrudisha mtu ndani ya dakika chache. Lakini nguvu yake huisha ndani ya saa moja hivi wakati methadoni inadumu zaidi ya siku, kwa hiyo hata akiamka na kutukana akitaka kwenda nyumbani, abaki hapohapo wodini.

La mwisho ni tarehe. Tiba ya kawaida ya TB ni miezi 6, yeye amemaliza miwili, amebakiza minne. Rifampisini ikikoma, ini litatulia ndani ya wiki mbili hivi, tundu litarudi kuwa dogo, na dozi iliyopandishwa sasa itakuwa kubwa mno kwake. Mwombe muuguzi aiandike siku ya kidonge cha mwisho cha TB kwenye kadi ya methadoni, kwa kalamu nyekundu, na wewe iandike kwenye simu yako. Wiki hiyo nenda naye tena dirishani.